Kuchangia, Kutozwa na Kusamehewa: Msamiati wa Bajeti ya Afya na Nafasi ya Mwananchi katika Mabishano ya Kisiasa Tanzania

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania hujadili makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali. Wizara ya Afya, ambayo ni Fungu 52 katika vitabu vya makadirio, ni miongoni mwa wizara zinazozua mjadala mkali. Wabunge huuliza kuhusu dawa, watumishi, majengo na bima. Wapo wanaotishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, na wapo wanaounga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mjadala huo huendeshwa kwa Kiswahili na husikika nchi nzima.

Wachunguzi wa siasa na uchumi wameshughulikia sana takwimu za mjadala huo. Lugha yake haijapewa uzito unaostahili. Makala hii inachunguza maneno machache yanayobeba mabishano kuhusu nani agharimie huduma za afya, yaani kuchangia, tozo, msamaha, bure na kirai kwa wote, pamoja na vitenzi vinavyoeleza safari ya fedha za umma. Inadaiwa hapa kwamba maneno haya hayatofautiani kwa kivuli cha maana tu. Kila moja humpangia mwananchi nafasi yake katika sentensi, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua ni swali gani anaweza kuiuliza Serikali yake.

Ili mjadala usielee hewani, mazingira ya usikivu yatakayorejelewa ni kata ya Mbweni, iliyo ufukweni mwa Bahari ya Hindi katika Manispaa ya Kinondoni, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Mbweni inafaa kwa sababu inakusanya wasikilizaji wa aina mbili. Kuna wenyeji wa vijiji vya zamani vya pwani, ambao riziki yao ilitokana na uvuvi na mashamba. Kuna pia wakazi waliohamia baada ya viwanja kupimwa, wengi wao wakiwa wafanyakazi na wafanyabiashara. Hotuba ya bajeti ni moja, lakini mwenye kadi ya bima ya mwajiri na asiye na kadi yoyote hawaisikii kwa namna moja. Tungo za mfano zilizopewa nambari zimeundwa kwa kufuata mitindo ya kawaida ya usemi huo. Hazikunukuliwa kutoka kwa msemaji yeyote.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Baada ya uhuru, maradhi yalihesabiwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Sitiari hiyo ya vita ilikuwa na matokeo ya kisemantiki. Adui wa taifa hupigwa na taifa, wala askari halipishwi risasi zake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huduma za afya za Serikali zilitolewa bila malipo ya moja kwa moja na zahanati zilienezwa vijijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliweka wajibu wa mwananchi katika vitendo vyake, kama vile kuchimba choo, kuchemsha maji na kufyeka vichaka. Fedha haikutajwa kuwa wajibu wake. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida.

Hali ngumu ya uchumi katika miaka ya 1980 ilibadili mwelekeo. Mwaka 1991 sheria iliruhusu tena tiba ya watu binafsi, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa katika hospitali za Serikali walianza kulipa, kwa hatua zilizoanzia hospitali za ngazi ya juu na kushuka hadi za wilaya. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na sheria yake ilitungwa mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mchango wake ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mwajiriwa. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, na sehemu ya mapato yake ilielekezwa katika ujenzi wa vituo vya afya. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kila hatua kati ya hizi ilikuja na neno lake, na kila neno lilibishaniwa.

3.0 Mzizi -chang- na Dhana ya Kuchangia

Kitenzi changa kina maana ya kutoa kitu, hasa fedha, ili kiunganishwe na vya wengine kwa jambo la pamoja. Katika kauli ya kutendea tunapata changia, na kutokana nacho nomino mchango na mchangiaji. Katika kauli ya kutendeana tunapata changiana, na katika kutendesha changisha. Maana ya msingi ina vijenzi vitatu: watu ni wengi, jambo ni lao wote, na anayetoa hutoa kwa hiari au kwa shinikizo la heshima, si kwa amri ya dola. Huko Mbweni, kama kwingineko pwani, neno hili ni la msibani na harusini. Aliyechanga msibani si mteja wa msiba. Ni mmoja wa wenye shughuli, na ana haki ya kuuliza kama wageni wamekula.

Sera iliyoanza mwaka 1993 ilijulikana kwa Kiswahili kuwa kuchangia gharama za huduma za afya. Istilahi ya Kiingereza iliyokuwa ikitumika katika nyaraka za wachumi ina maana ya kugawana gharama. Tofauti baina ya vitenzi hivi viwili inastahili kuangaliwa:

(1) Serikali na wananchi wanagawana gharama za matibabu.
(2) Wananchi wanachangia gharama za matibabu.

Katika tungo (1), kiambishi -an- cha kutendeana kinadai washiriki wawili, na wote wawili wanaonekana katika kiima. Msikilizaji anaweza kuuliza mara moja fungu la kila mmoja ni kiasi gani. Katika tungo (2) mshiriki mmoja tu ndiye anayeonekana. Mwingine amebaki katika dhana inayotangulia usemi, kwa kuwa huwezi kuchangia jambo ambalo hakuna mwingine anayeligharimia. Serikali imo katika maana lakini haimo katika sentensi. Iwapo fungu lake litapungua, sentensi haitabadilika hata herufi moja.

Inawezekana kujibu kwamba neno hilo lilikuwa la haki kwa vile ada za hospitali hazikufikia kamwe gharama kamili ya tiba, na kwa hiyo mgonjwa alikuwa akichangia kweli. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa hesabu. Hata hivyo, kijenzi cha tatu cha maana, yaani hiari, hakikuwepo. Anayeshindwa kutoa mchango wa harusi hukosa heshima, ilhali anayeshindwa kulipa dirishani huweza kukosa dawa. Neno lilichukuliwa pamoja na heshima yake, lakini haki zinazoandamana nalo ziliachwa nyuma, kwani mgonjwa hakupewa nafasi ya mwenye shughuli.

Mfuko wa Afya ya Jamii unatoa ulinganisho wenye manufaa. Huko Igunga kaya ilitakiwa kutoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali Kuu iliahidi kuongeza kiasi kinacholingana na kilichokusanywa. Utaratibu huo umefahamika kwa jina la tele kwa tele. Kirai hiki, tofauti na kuchangia, kinautaja upande wa pili kwa muundo wake wenyewe, kwani neno limerudiwa ili kila upande upate lake. Msemo huo ulimpa mwanachama kipimo. Kama tele ya kwanza imetoka mfukoni mwake na ya pili haijafika, kasoro inaonekana bila kuhitaji mtaalamu wa fedha. Katika miji mfuko wa namna hiyo uliitwa Tiba kwa Kadi, kwa kifupi TIKA. Jina hilo linataja tiba na kadi tu, na halimtaji mtoaji yeyote.

4.0 Kodi, Ushuru na Tozo

Nomino tozo imetokana na kitenzi toza, ambacho ni umbo la kutendesha la toa, kwa kanuni ileile inayozaa oza kutokana na oa na laza kutokana na lala. Kutoza, basi, ni kumfanya mtu atoe. Kimofolojia, mtendaji wa kitendo hiki ni yule anayedai, na anayetoa yupo katika nafasi ya kutendwa. Kitenzi hikihiki ndicho kinachotumika pamoja na kodi na ushuru, maana kodi hutozwa na ushuru hutozwa. Kwa mantiki ya uundaji wa maneno, tozo ingekuwa jina la jumla linalozijumuisha zote.

Matumizi ya kisiasa yameligeuza. Katika mabishano ya mwaka 2021 kuhusu miamala ya simu, tozo ilitumiwa kama kitu kilicho nje ya kodi, yaani makato madogo, yenye lengo maalumu, yanayoonekana matunda yake katika zahanati na madarasa. Waliopinga walishikilia kwamba fedha iliyokwisha kukatwa kodi inakatwa tena, na kwamba kulibadili jina halilibadili jambo. Viwango vya kwanza vilifikia hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Vilipunguzwa mwaka huohuo na tena mwaka 2022, na tozo ya kutuma fedha kwa simu iliondolewa katika marekebisho yaliyofuata. Pande zote mbili katika mabishano hayo zilikuwa zikibishania pia uainishaji wa maneno.

Uainishaji huo una uzito wa kisheria. Ibara ya 138 ya Katiba inaweka sharti kwamba kodi ya aina yoyote itozwe kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge tu. Tozo ya miamala iliwekwa kwa sheria, na viwango vyake kwa kanuni. Kinachomhusu mwanaisimu ni kwamba neno tozo, kwa kuwa ni la kutendesha, ni wazi zaidi kuliko mchango. Halimbembelezi mtoaji. Pengine ndiyo sababu lilizua upinzani wa haraka namna ile, ilhali kuchangia kuliingia katika matumizi ya kila siku na kudumu kwa miongo mitatu. Mtu aliyeambiwa kuwa anachangia huona haya kukataa. Aliyeambiwa kuwa anatozwa huuliza kwa sheria ipi.

5.0 Bure, Bila Malipo na Msamaha

Neno bure lina maana mbili zinazokaa pamoja. Ya kwanza ni pasipo malipo, na ya pili ni pasipo faida, kama katika kwenda bure au kazi bure. Wanaotetea malipo hospitalini wameweza kuitumia maana ya pili kuishambulia ya kwanza bila hata kutoa hoja, kwani huduma ya bure husikika kama huduma isiyo na thamani. Nyaraka rasmi aghalabu hukwepa mtego huo kwa kusema bila malipo.

Neno lenye athari zaidi ni msamaha. Tangu malipo yalipoanza, sera imeyatenga makundi yasiyopaswa kulipa, wakiwemo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wenye baadhi ya maradhi kama kifua kikuu na ukoma, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Utaratibu huu huitwa msamaha. Kwa maana yake ya msingi, kusamehe ni kuachilia kosa au deni. Anayesamehewa lazima awe amekosa au anadaiwa, na anayesamehe lazima awe na mamlaka ya kutosamehe. Linganisha:

(3) Mzee huyu amesamehewa malipo.
(4) Mzee huyu anastahili matibabu bila malipo.

Tungo (3) ni ya kutendwa, na mzee ni mpokeaji wa huruma ya mtu asiyetajwa. Tungo (4) inamfanya mzee kuwa mwenye kitu. Kisera tungo zote mbili zinalenga mtu yuleyule na huduma ileile. Tofauti inajitokeza katika mwenendo. Asiye na uwezo hutakiwa kuuthibitisha umaskini wake, kwa kawaida kwa barua ya uongozi wa mtaa au kijiji. Mzee wa Mbweni anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Mwananyamala akiwa na barua hiyo mkononi amekwisha kuwekwa na lugha katika nafasi ya mwombaji kabla hajafika dirishani. Mhudumu naye amewekwa katika nafasi ya msamehevu, na msamehevu huweza kusema leo hapana.

Itadaiwa kwamba msamaha ni istilahi ya kawaida ya fedha, kwani kuna msamaha wa kodi kwa wawekezaji na hakuna anayewaona kuwa waombaji. Dai hilo linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Mwekezaji huufikia msamaha akiwa na mwanasheria, mkataba na vifungu vya sheria, na vifungu hivyo ndivyo vinavyolifuta wazo la huruma katika neno. Mzee hana kitu cha kulifuta wazo hilo, kwa hiyo kwake maana ya msingi inabaki na nguvu yake yote.

6.0 Kirai “kwa wote”

Mswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliingia bungeni mwaka 2022, ukakabiliwa na maswali mengi kuhusu chanzo cha fedha za kuwahudumia wasio na uwezo, na haukupitishwa hadi Novemba 2023. Sehemu ya ugumu wa mjadala ule inaelezeka kwa uambivalensi wa kiunganishi kwa, yaani hali yake ya kubeba maana mbili:

(5) Wote watapewa bima.
(6) Wote watatakiwa kuwa na bima.

Katika tungo (5) wote ni wanufaika, na katika tungo (6) wote ni wabeba wajibu. Kirai bima kwa wote kinakubali fasiri zote mbili. Aliyezoea usemi wa elimu kwa wote na maji kwa wote, ambamo Serikali ndiyo mtoaji, huisikia tungo (5). Mwandishi wa sheria analenga kwa kiasi kikubwa tungo (6), pamoja na kifungu kinachoahidi tungo (5) kwa wasiojiweza. Ndiyo maana watu wawili waliweza kuisifu bima hiyo katika mkutano mmoja na baadaye kugundua kwamba hawakuwa wakisifu kitu kimoja. Jina la sheria liliunganisha sauti za kuiunga mkono, na fasiri yake ikazitenganisha mara kiwango cha malipo kilipotajwa.

7.0 Fedha Zisizo na Mtendaji

Kundi la mwisho ni la vitenzi vinavyoeleza safari ya fedha. Fedha za umma hukadiriwa, hutengwa, huidhinishwa, hutolewa, hupokelewa na hutumika. Hizi ni hatua sita tofauti kiutaratibu, na karibu zote husemwa katika kauli ya kutendwa pasipo kumtaja mtenda:

(7) Fedha za dawa zimetengwa.
(8) Fedha za dawa zimetolewa.
(9) Fedha za dawa zimepokelewa.

Tungo (7) yaweza kuwa kweli ilhali (8) na (9) si kweli, kwani bajeti ni ruhusa ya kutumia na si fedha taslimu. Mabishano mengi bungeni hutokana na swali kuulizwa kwa kitenzi kimoja na kujibiwa kwa kingine. Mbunge anauliza kuhusu kupokelewa, naye anajibiwa kuhusu kutengwa. Kwa mwananchi wa Mbweni kuna tungo ya nne ambayo ndiyo pekee anayoweza kuihakiki kwa macho, nayo ni dawa zipo. Kati ya tungo (7) na tungo hiyo kuna Hazina, Wizara, Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, halmashauri na kituo chenyewe. Kauli ya kutendwa huwaficha wote.

Jambo hili linaonekana pia katika majina ya watoaji wa nje, ambao wameitwa wahisani, kisha wafadhili, kisha washirika wa maendeleo. Mfululizo huo unapandisha hadhi ya mpokeaji hatua kwa hatua, kutoka kwa anayetendewa hisani hadi kwa mwenza. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya UKIMWI barani Afrika ikayumba, ilidhihirika kwamba hadhi iliyopandishwa katika istilahi haikuwa imepandishwa katika hesabu, kwani mshirika haondoki peke yake bila shauri. Azimio la Abuja la mwaka 2001, ambalo nchi za Afrika zilikubali kulenga kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, lilirudi katika midomo ya wachambuzi. Hapo pia kitenzi kilikuwa kutenga.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba kila neno katika msamiati wa bajeti ya afya huandamana na swali lake. Mchangiaji huuliza, fedha zetu zimefanya nini? Mtozwaji huuliza, kwa sheria ipi? Msamehewa haulizi, bali huomba. Mwenye kustahili huuliza, mbona sijapata? Chama chochote kitakachotawala kitakuwa na sababu ya kupendelea baadhi ya maswali haya kuliko mengine, na wapinzani wake watakuwa na sababu ya kupendelea yaliyobaki. Si lazima kudhani kuwapo kwa hila. Mara nyingi neno huchaguliwa kwa sababu lilikuwa karibu, kisha likafanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria za Tanzania, waandishi wa sheria na wasanifu wa istilahi hawana budi kupima nafasi za kisarufi ambazo maneno yao yanampa mwananchi, na si ulinganifu wake na Kiingereza tu. Katika suala la makundi yasiyolipa, stahili au stahiki ingefaa zaidi kuliko msamaha. La pili, taarifa za bajeti zingetumia kauli ya kutenda pale inapowezekana, zikimtaja aliyetoa, aliyepokea na tarehe.

Kubadili neno hakujazi rafu ya dawa. Lakini mzee anayeambiwa kwamba anastahili, na kukuta rafu tupu, anajua kwamba kuna mtu anayewiwa jibu kwake. Utafiti zaidi unahitajika ili kuchunguza jinsi watumishi wa zahanati na wagonjwa wenyewe wanavyoyatumia maneno haya dirishani, mahali ambapo maana ya bajeti hutimia.